Ruzuku kwa Wavunaji wa Miti Wanaolinda Vyanzo vya Maji: Mapendekezo kwa Handeni na Korogwe



Handeni inakunywa maji ya Korogwe. Tangu miaka ya 1970 bomba kuu la Handeni, HTM kama tulivyozoea kuliita, husukuma maji ya Mto Pangani hadi kwenye nyanda kavu za Handeni. Mradi wa Miji 28, unaojengwa kwa mkopo kutoka India, nao unautegemea mto huohuo kwa ajili ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Mpasua mbao akichafua kijito kinachoingia mtoni, tope lake linamfuata mama wa Chanika, mjini Handeni, hadi kwenye ndoo, au linamfikia kama gharama ya shabu ya kusafishia maji.

Sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda meta 60 kutoka ukingo wa mto. Ambacho hatujafanya ni kumpigia mvunaji hesabu ya kuitii. Anatakiwa aiache miti mikubwa ya ukingoni. Aburute gogo kwa kuzunguka, asikatishe kijito. Asubiri ardhi ikauke baada ya masika, na akimaliza akinge njia za magogo kwa matuta ili mvua isiteremke na udongo. Yote hayo ni siku za vibarua na mafuta ya msumeno. Tena wengi hawavuni kwa mtaji wao: tajiri ametanguliza fedha, naye anahesabu vipande vya mbao tu. Anayesubiri ardhi ikauke analimbikiza deni, anayekatisha kijito analipwa mapema. Tumemwekea mvunaji faini, lakini akifanya vizuri hakuna anachopata. Naona huo ni uonevu, na ndiyo sababu katazo letu halishiki.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Huko Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima wa Kibungo Juu na watumiaji wa maji ya Mto Ruvu, yaani DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, na wakulima wakalipwa kwa kutengeneza matuta na kupanda miti. Jiji la New York, ambalo sehemu kubwa ya maji yake hutoka milima ya Catskill bila kuchujwa, husaidia kugharimia hata mafunzo ya wakata magogo na madaraja ya kubebeka ya kuvushia magogo. Hapa mkoani kwetu, Tanga UWASA iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024. Mamlaka ya maji imeonyesha kwamba inaweza kukopa kwa jina la mazingira.

Kwetu fedha zitoke wapi? Mfuko wa Misitu Tanzania, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, hutoa ruzuku. Halmashauri zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wapasua mbao waliojiunga kikundi wanaweza kukopa humo na kuachana na tajiri. Hata hivyo, mlipaji ninayemtaka zaidi ni mtumiaji wa maji: mamlaka zinazochota Pangani, na TANESCO, ambayo mitambo yake ya Hale inapokea mashapo yote yanayoshushwa na Mto Lwengera, unaoingia Pangani. Anayenufaika na maji safi achangie kuyalinda.

Wapo wanaohofia kwamba ruzuku itachochea ukataji. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo alipwe tu mwenye kibali anayevuna ndani ya msitu wenye mpango wa uvunaji, na aliyeacha miti mama ya mninga na mkongo. Handeni haianzi patupu: kupitia programu ya FORVAC, iliyofadhiliwa na Ufini kuanzia mwaka 2018, vijiji vilisaidiwa kuandaa mipango ya misitu yao.

Napendekeza tuanze na kijiji kimoja Handeni na kijito kimoja cha Lwengera upande wa Korogwe. Nusu ya fedha itolewe kabla ya kuvuna, kwa ajili ya mbao za kivuko na posho ya siku za kusubiri. Nusu ya pili itolewe masika yakiisha, baada ya kamati ya maliasili ya kijiji na afisa wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kutembea pamoja ukingoni na kukagua njia za magogo.