Mizani ya Vipaji

Mwaka 1869 Mwingereza Francis Galton alipima vipaji kwa kuhesabu majaji, viongozi na washairi waliokuwa wameandikwa vitabuni, akasema akili hurithiwa. Kwa mizani hiyo, Njoro ya zamani, nchini Kenya, ni walowezi Delamere na Egerton tu. Wao ndio walioandikwa.

Sasa mtazame mwalimu Peter Tabichi wa shule ya sekondari ya Keriko, katika kijiji cha Pwani hukohuko Njoro, aliyetwaa tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Shule ilikuwa na kompyuta moja! Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 walijiunga na vyuo. Mwaka uliofuata, 26. Hicho ndicho kipimo cha uongozi, na hutunzwa katika rekodi za shule.

Mwalimu mkuu unayenisikiliza, rejista za zamani zisiishie kufungia mandazi.