KUHESABIWA SI KUSHTAKIWA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Katika hesabu ya 2019 kila mtu alitakiwa kuandikwa pale alipolala usiku wa kuamkia 25 Agosti. Mombasa nzima, kisiwani na bara, tulipatikana 1,208,333. Lakini Mji wa Kale nyumba moja ina wapangaji wengi, na mwenye kuogopa kodi au polisi humficha mgeni wake. Aliyefichwa hunywa maji, mtoto wake hutaka shule, lakini hesabuni hayumo.

Sheria ya Takwimu ya 2006 yamkataza karani kutoa siri ya mtu. Basi wajibu ni wawili: sisi tuseme kweli, nao wakubwa watunze siri. Siri ikivuja mara moja, hesabu ijayo itakuwa ya uongo.