Sarafu ya Nani? Mada Juu ya Madai ya Uhuru wa Uskoti



Mwenye kuishika noti ya Bank of Scotland na kuitazama kwa makini ataona uso wa Sir Walter Scott, mtunzi mashuhuri wa hadithi, naye hakuwekwa pale kwa ajili ya hadithi zake tu. Kwani mwaka 1826, Serikali ya London ilipoazimia kuzipiga marufuku noti ndogo zisizofika pauni 5, Scott alishika kalamu, akajisitiri nyuma ya jina la kubuni, akaandika barua za kuyatetea mabenki ya kwao, hata azma ile ikaachwa kwa upande wa Uskoti. Mpaka leo mabenki matatu ya biashara huko yangali yakichapa noti zao wenyewe. Lakini zipo karatasi nyingine ambazo mwenye kurudishiwa chenji dukani Glasgow hazioni maishani mwake, zisizovuka milango ya Benki Kuu ya Uingereza, moja ya thamani ya pauni milioni 1 na nyingine ya pauni milioni 100, zilizopewa huko majina ya majitu. Na hizo ndizo sehemu ya amana inayozipa nguvu noti za Uskoti. Uso ni wa Edinburgh, dhamana iko London. Na mada yangu yote imo humo.

Niseme kwanza kwamba lugha yetu ina upungufu kidogo katika jambo hili, kwa kuwa sisi husema "Uingereza" tukikusudia dola nzima na pia tukikusudia nchi moja tu iliyomo ndani yake, kosa ambalo Mskoti hulisamehe kwa shida. Humu nitaiita dola hiyo Ufalme wa Muungano.

Muungano wenyewe wa mwaka 1707 haukufungwa bila hesabu ya fedha. Miaka michache kabla yake Waskoti walikuwa wamemwaga sehemu kubwa ya rasilimali ya nchi yao katika koloni la Darien, kwenye shingo ya nchi ya Panama, lililoanzishwa 1698 na kuachwa 1700 baada ya maradhi, njaa na Wahispania kulimaliza. Na katika mapatano ya Muungano London ikakubali kulipa pauni 398,085 na shilingi 10, ambazo sehemu yake iliwafidia wenye hisa wa mradi huo waliofilisika. Wapo wanaosema hadi leo kwamba nchi iliuzwa, na wapo wanaosema kwamba iliokolewa.

Tuyaruke ya kati. Chama cha SNP, kinachodai uhuru wa Uskoti, kilipopata viti 69 kati ya 129 katika Bunge la Edinburgh mwaka 2011, haikuwezekana tena kulikwepa swali la uhuru, na tarehe 15 Oktoba 2012 David Cameron, Waziri Mkuu wa London, na Alex Salmond, kiongozi wa Serikali ya Edinburgh, wakatia saini mapatano ya kuitisha kura ya maoni. Novemba 2013 Serikali ya Salmond ikatoa kitabu kinene cha kurasa mia sita na zaidi, kikieleza mustakabali wa nchi huru tangu malezi ya watoto hadi jeshi. Na juu ya sarafu kikasema kwamba Uskoti huru itaendelea kutumia pauni kwa ubia rasmi na jirani yake, chini ya Benki Kuu ile ile.

Hapo ndipo adui alipoona mlango ulio wazi. Tarehe 13 Februari 2014 George Osborne, Waziri wa Fedha, alikwenda Edinburgh akatamka kwamba anayetoka katika Muungano ametoka pia katika pauni, na vyama vikuu vyote vitatu vya London vikamuunga mkono. Hoja yake haikuwa ya chuki tu. Mabenki yenye makao Uskoti, kwa hesabu ya Hazina ya London, yalikuwa na mali ya zaidi ya mara 12 ya pato la nchi nzima. Na mwaka 2008 benki ya RBS, mojawapo ya hizo, ilipokaribia kuanguka, serikali ilitia humo pauni bilioni 45 na ushei. Ubia wa sarafu maana yake ni kwamba siku benki ya mbia mmoja ikifunga milango, mlipa kodi wa mbia wa pili ndiye mdhamini. Mdhamini gani angeridhia, naye hana kauli katika bajeti ya mdhaminiwa?

Salmond alijibu kwamba pauni ni mali ya pamoja, na kwamba wakinyimwa sarafu, basi nao hawatabeba fungu la deni. Jibu hilo lilikuwa na ladha ya haki, ila halikuwa sera. Mwezi Agosti, katika mjadala wa televisheni, Alistair Darling, yeye yule aliyekuwa Waziri wa Fedha mabenki yalipookolewa, alimwuliza tena na tena: wakikataa, utafanyaje? Salmond hakutaja njia ya pili. Si kwamba njia hazikuwapo. Ireland iliilinganisha pauni yake na ya London, moja kwa moja, hadi 1979. Wacheki na Waslovaki, waliotengana Januari 1993, walishika sarafu moja kwa wiki 5 tu. Nasi wenyewe tunao mfano wetu: Tanganyika, Uganda na Kenya zilipandisha bendera zikiwa bado na shilingi ya Bodi ya Sarafu iliyoasisiwa London mwaka 1919, na ubia huo ukafika kikomo mwaka 1966, kila dola ilipotaka benki kuu yake, kwa sababu kutawala bila ya kuwa na neno katika mikopo na riba ni kutawala nusu.

Kuhusu mafuta ya Bahari ya Kaskazini, yaliyotegemewa kuijaza hazina ya nchi huru, sitasema mengi: hesabu za kitabu kile zilichukulia bei ya dola 110 kwa pipa, na kufika Januari 2015 pipa lilikuwa chini ya dola 50.

Hata hivyo nisionekane kudai kwamba vitisho vya fedha ndivyo vilivyoshinda peke yake. Mapema Septemba kura moja ya kupima rai iliwaweka wenye kutaka uhuru mbele kwa 51 kwa 49, ndipo viongozi wa London wakaharakisha kuahidi madaraka zaidi kwa Edinburgh. Na tarehe 18 Septemba, kwa mahudhurio ya asilimia 84.6, wakiwamo vijana wa miaka 16, asilimia 55.3 walikataa. Glasgow na Dundee zilikubali. Watu hawa hawakuwa waoga. Waliuliza swali, wakakosa jibu.

Na jibu limekawia. Uamuzi wa kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016, ambao asilimia 62 ya wapiga kura wa Uskoti waliupinga, uliwapa wadai uhuru hujja mpya kabisa ya kisiasa, lakini haukuwapa sarafu. Oktoba 2022 Edinburgh ilisema itaanza na pauni ya zamani, kisha itaunda pauni ya Uskoti hali ikiruhusu, bila ya kutaja siku. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ikaamua kwa kauli moja kwamba Bunge la Edinburgh halina mamlaka ya kuitisha kura nyingine peke yake.

Kwa hiyo nawaomba wachangiaji jambo moja. Tusianze na kuuliza kama Waskoti wanastahili kujitawala, kwani hilo mimi sina shaka nalo. Tuanze na kuuliza ni nani atakayewakopesha siku benki zao zitakapokaukiwa.