Maelekezo ya Kusakinisha Programu



Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini neno la Kiswahili kwenye kitufe halimwambii mgeni akibonyeze lini, wala ataona nini akishakibonyeza.

Hapa Chapwa nimesoma karatasi isemayo: "Sakinisha, kisha ruhusu." Aruhusu nini? Mama mwenye duka akikwama hapo humpa simu kijana asiyemfahamu, na namba ya siri huitaja mbele ya wateja. Pesa za mtaji zimo humo.

Ninyi mtakaoandika maelekezo, wekeni tendo moja kwa kila mstari. Semeni kitakachoonekana: alama itazunguka, subiri, usizime simu. Semeni programu itakula MB ngapi, maana bando limenunuliwa. Andikeni kwamba kusakinisha hakuhitaji namba ya siri. Ikija kuhitajika, mwenyewe aibonyeze. Kisha mpeni karatasi mtu asiyewahi kusakinisha kitu, mkae kimya mkimtazama (kukaa kimya ndiko kugumu). Kidole chake kinaposita, mstari huo uandikwe upya.