Bahari Inapofungwa: Dhamana ya Anayetoka na ya Anayebaki Ufukoni

Mazungumzo kwa mikutano ya vijiji vya mwambao, kutoka Msanga Mkuu hadi Mahurunga



Aprili 25, 2019, mji wa Mtwara ulinyamaza mchana kweupe. Shule zilifungwa, kazi zilisimama, na wakazi waliagizwa kutafuta hifadhi mahali palipo imara, kwa kuwa kimbunga Kenneth kilikuwa kikielekea mwambao baada ya kupita kaskazini mwa Ngazija siku moja kabla. Jioni ilipofika, paa za Mtwara zilikuwa bado juu ya kuta zake. Kimbunga kilitua ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, kwa upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa. Msumbiji na Komoro zikapoteza watu zaidi ya 40, wiki 6 tu baada ya kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira.

Tangu siku ile kuna swali linalorudi kila tangazo la hatari linaposomwa: "Si walisema kitakuja, mbona hakikuja?" Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, kimbunga Jobo nacho kilisubiriwa katika pwani ya Tanzania, kikadhoofika kabla ya kutua. Swali likapata nguvu zaidi. Na swali hilo, pengine kuliko upepo wenyewe, ndilo linalomtoa mvuvi diko siku ambayo bahari imefungwa.

Hapana budi swali hilo lijibiwe kwa heshima, kwa kuwa anayeliuliza si mpumbavu. Kimbunga hakisafiri kwa njia iliyochorwa. Kikiwa baharini, badiliko dogo la mwelekeo huamua kama kitatua kaskazini ya mto au kusini yake, na mwenye kutabiri hulazimika kuonya eneo lote ambalo dhoruba inaweza kuliangukia. Walioonywa Mtwara mwaka 2019 walikuwa ndani ya eneo hilo. Kwamba pigo liliwaangukia jirani si ushahidi kwamba hapakuwa na pigo. Watu wenye ndugu Palma na Mocímboa da Praia wanalijua jambo hili bila kufundishwa.

Wako pia wanaosema kwamba pwani hii haina desturi ya vimbunga. Kumbukumbu zinakanusha. Aprili 15, 1872, kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa mashamba mazima. Aprili 15, 1952, siku ileile miaka 80 baadaye, kingine kilitua Lindi na kuua watu. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Kilikuwa kimekwisha kupungua nguvu, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikabaki siku kadhaa bila njia hiyo. Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Wazee wanaujua wakati huo kwa jina lake, tanga mbili, kaskazi inapokufa na kusi haijashika. Ni wakati ambao bahari huonekana imelala, na nahodha kijana huiona kama imemwita.

Hata hivyo wengi hawachukuliwi na kimbunga. Kimbunga hutajwa redioni kwa jina na kila mtu husikia. Linaloua kimyakimya ni angalizo la kawaida la kusi, kati ya Juni na Agosti. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Neno "angalizo" likiwa la chini kabisa, wasikilizaji wengi hulichukua kama salamu. Lakini angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 lina maana iliyo wazi kwa mwenye ngalawa. Ukingo wa ngalawa haufiki hata mkono mmoja juu ya maji. Wimbi la mita 2 halihitaji kuipindua. Huingia ndani tu, na la pili hukuta chombo kimekwisha kuwa kizito.

Penye mlango wa Ruvuma hali ni ngumu zaidi. Maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, mto na bahari humwaga pamoja kuelekea nje, ilhali mawimbi ya kusi yanakuja ndani. Yanapokutana juu ya mafungu ya mchanga, wimbi ambalo nje lilikuwa refu na la pole husimama wima na kuvunjika. Mafungu yenyewe hayakai mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Njia aliyoonyeshwa mtu na baba yake huenda leo ni mchanga.

Tena mto huleta mambo ya mbali. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, na Lugenda huuongezea maji ya Msumbiji. Mvua ikinyesha huko juu, maji hupanda Kilambo na Mahurunga chini ya jua kali, bila tone moja kijijini, na pamoja na maji hayo mamba na viboko husogea hadi kwenye vivuko na mashamba ya mpunga. Kenya imelilipia somo hili mara mbili katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwachukua vijana 7 waliokuwa matembezini na kundi la kanisa lao, na Septemba 2019 yakachukua watu 7 wengine, ndipo korongo likafungwa. Anayesimama chini ya korongo haoni wingu lililo juu ya mlima. Mlinzi anayelifunga ndiye aliyepewa habari zake, na anayelipita katazo hubishana na kitu asichokiona.

Nani basi mwenye dhamana? Jibu rahisi ni kumtaja nahodha, naye kweli ndiye wa kwanza. Akitoka siku iliyofungwa hajihatarishi peke yake. Ana mabaharia wawili watatu ambao hawakuulizwa. Chombo kikikosekana magharibi, hakuna meli ya uokozi inayosubiri Msimbati; wanaotoka kumtafuta ni wavuvi wenzake, katika giza lile lile na upepo ule ule, kwa mafuta waliyoyachanga diko. Mtu anaweza kusema roho ni yake. Hawezi kusema hivyo kuhusu roho za hao.

Lakini lawama ikiishia kwa nahodha, haki haijatendeka. Mara nyingi chombo si chake. Tajiri wa chombo amekaa barazani, mashine ameikopea, na neno lake la asubuhi, "wenzako wameshatoka," lina uzito kuliko tangazo la redio. Mvuvi anayebaki nyumbani siku 3 hapati mgao, na nyumba yake haili angalizo. Tajiri anayemsukuma mtu baharini siku hiyo ana sehemu katika litakalotokea, hata kama sheria haitamfikia. Abiria naye ana sehemu. Julai 18, 2012, boti ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, katika upepo mkali na mawimbi makubwa ya kusi. Abiria hapewi usukani, lakini miguu ya kuingia chomboni ni yake, na anayo haki ya kuuliza jaketi okozi liko wapi kabla ya kulipa nauli. Wageni wanaofika Msimbati na Ruvula kuogelea hawana kisingizio kikubwa kuliko wenyeji. Mgeni ana wajibu wa kuuliza, na mwenyeji ana wajibu wa kumwambia ukweli hata kama atapoteza malipo ya siku.

Uongozi nao usijitoe. Katazo linalotangazwa kwa kipaza sauti na kuachwa bila kuondolewa hufundisha watu kulipuuza. Bahari ikifungwa Jumatatu, na Alhamisi ikiwa shwari bila mtu kusema lolote, mvuvi atatoka kwa uamuzi wake. Na safari ijayo atatoka Jumanne. Sauti iliyofunga ndiyo inayopaswa kufungua, siku hiyohiyo hatari inapopita, na kueleza kilichotokea: upepo ulipinda kusini, au ulidhoofika njiani. Mtu aliyeelezwa sababu huvumilia. Aliyeamrishwa tu huhesabu mara alizodanganywa.

Kwa upande wa vijiji, kuna jambo dogo lisilohitaji bajeti. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vina viongozi katika madiko. Daftari moja na kalamu vinatosha: jina la nahodha, chombo, idadi ya watu waliomo, upande wanakoelekea, na saa wanayotarajia kurudi. Anayetoka huandikwa, anayerudi hupigiwa mstari. Siku ya angalizo, msimamizi wa daftari humsomea nahodha taarifa ya hali ya hewa kabla ya kuliandika jina lake, ili asije mtu akasema hakuambiwa. Na magharibi likibaki jina bila mstari, kijiji kitajua ni chombo gani, kina watu wangapi na kilielekea wapi, kabla mke wa mtu hajaanza kupita nyumba kwa nyumba na taa mkononi akiuliza.