Mlima Kenya na Ndege za Mabomu: Maelezo kwa Wasikilizaji wa Meru na Embu

Watu wengi wakisikia kwamba eropleni ya vita ilipotea pamoja na watu wake, hudhani mara moja kwamba ilipigwa na adui. Pengine ndivyo ilivyokuwa katika nchi nyingine. Lakini katika wilaya zinazouzunguka Mlima Kenya, ndege nyepesi za mabomu ziliruka katika vita viwili, yaani vita kuu ya pili na tena mwaka 1953 hadi 1955, wala hapakuwa na mizinga ya adui ya kupigia ndege katika miteremko ya Meru wala ya Embu. Aliyetaka kujua hatari ya rubani katika nchi hizi ilimpasa kutazama juu, penye theluji na mawingu.

Kwanza yafaa kueleza ndege yenyewe. Ndege nyepesi ya mabomu si ile kubwa yenye injini nne. Ina injini moja au mbili, hubeba mabomu machache, na watu wake kwa kawaida walikuwa watatu: rubani, mwenye ramani na dira aliyeonyesha njia na kulenga mabomu, na mtu wa simu ya upepo ambaye pia alishika bunduki ya mtombo. Hao watatu walikula pamoja, wakaruka pamoja, na mara nyingi wakazikwa pamoja. Lakini hawakukumbukwa sawasawa.

Mfano wake ni huu. Tarehe 12 Mei 1940 ndege tano za aina ya Fairey Battle zilitumwa kuvunja madaraja mawili ya mfereji wa Albert katika Ubelgiji, ili kuwazuia Wajerumani. Hakuna hata moja iliyorudi nzima. Rubani Donald Garland na mwonyesha njia wake Thomas Gray walipewa, baada ya kufa, nishani ya Victoria Cross, ambayo ni kubwa kuliko zote. Mtu wa tatu katika ndege ile ile, Lawrence Reynolds, alikufa kifo kile kile saa ile ile, asipewe nishani yo yote. Siku mbili baadaye, karibu na mji wa Sedan katika Ufaransa, zaidi ya nusu ya ndege za Battle zilizotumwa hazikurudi. Ilionekana wazi kwamba ndege ile ilikuwa imepitwa na wakati, maana mwendo wake ulikuwa mdogo na bunduki zake chache.

Battle za namna hiyo hiyo ndizo zilizoletwa Kenya na Jeshi la Hewani la Afrika ya Kusini. Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni 1940. Siku ya pili yake ndege za Junkers za jeshi hilo, ambazo zamani zilikuwa za kuchukua abiria, ziliruka kutoka Eastleigh, Nairobi, zikapiga kambi ya Waitalia karibu na Moyale. Vikosi vikasogezwa mbele, na kiwanja kimoja kikawa Archer's Post, ng'ambo ya Isiolo, ambako mtu wa Meru akishuka kwa gari hufika bila safari kubwa.

Katika mwaka huo Meja R. H. Preller, mkuu wa kikosi cha Battle, alikwenda na watu wake wawili kupeleleza nchi ya Wasomali upande wa Afmadu na Kismayu. Ndege ikapigwa kutoka chini, akalazimika kuitua porini, mbali na mpaka. Wakaanza kwenda kwa miguu katika nchi ya miiba na ukame. Wenzake waliposhindwa kuendelea, Preller alitangulia kutafuta msaada, na baada ya siku nyingi akawafikia watu wa upande wake akiwa juu ya ngamia. Wote watatu wakaokolewa, naye akapewa nishani ya D.F.C. Sifa yake ni ya haki. Lakini msikilizaji aone pia kwamba nchi ile ni tambarare, na ndege iliyoharibika inaweza kushuka juu ya vichaka na watu wakatoka wazima. Juu ya msitu wa Chogoria hakuna mahali pa kushukia.

Waitalia waliposhindwa katika Afrika Mashariki mwaka 1941, Kenya iliacha kuwa uwanja wa vita ikawa nchi ya mafunzo, kwa kuwa ilikuwa mbali na ndege za adui. Kikosi cha mafunzo nambari 70 cha R.A.F. kiliwekwa Nakuru, na nambari 72 kikaletwa Nanyuki mwaka 1942. Ndege yao kubwa ya kujifunzia ilikuwa Blenheim, ndege nyepesi ya mabomu yenye injini mbili. Vijana waliofika walikuwa wamekwisha kujua kurusha ndege. Walichokuja kujifunza ni kazi ya vita yenyewe: kuruka usiku, kuruka chini chini, kulenga mabomu, na kuwafanya watu watatu wasiojuana wawe kama mtu mmoja. Walipohitimu walipelekwa Misri na Libya. Wengine hawakufika huko, kwa sababu walikufa Kenya kabla ya kumwona adui hata mmoja.

Sababu yake yaweza kueleweka na kila mtu aliyepanda mlima. Nanyuki iko juu zaidi ya futi 6,000 kutoka bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Ndege huchukuliwa na hewa inayopita chini na juu ya mabawa yake, basi hewa ikiwa nyepesi, ndege hutaka mwendo mkubwa zaidi na kiwanja kirefu zaidi ndipo ipate kuinuka. Jua la mchana likiipasha hewa moto huwa nyepesi zaidi tena. Blenheim iliyojaa petroli na mabomu, injini moja ikizimika mara tu magurudumu yanapoacha ardhi, rubani alikuwa na sekunde chache tu za kuamua, naye huenda alikuwa kijana wa miaka ishirini.

Kisha kuna mlima. Vilele vyake vinafika futi 17,058, na huko juu hewa imebaki sehemu tatu tu katika tano. Wameru waliuita mlima huu Kirimaara tangu kale, na wazee wao walijua tabia yake kabla ya kupimwa na mtu ye yote. Asubuhi na mapema huonekana wote, mweupe, kama ulioshwa usiku. Saa nne haijapita sana, mawingu yamekwisha kuufunika, na mtu aliye Meru au Embu haoni ila ukuta wa kijivu. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya Embu, Chuka na Meru, ukimwaga mvua yake huko. Ndiyo maana mashamba ya chai na kahawa yako upande huo. Ukiisha kuvuka vilele hushuka upande wa Nanyuki kama maji yanayoporomoka juu ya jiwe. Ndege inayokaribia mlima kutoka Nanyuki yaweza kukutana na hewa hiyo inayoshuka, ikasukumwa chini huku injini zake zikivuma kwa nguvu zote. Rubani mgeni hudhani injini imeharibika, kumbe hewa yenyewe ndiyo inayokwenda chini.

Tena nchi hubadilika haraka. Anayeruka kutoka Nanyuki kwenda mashariki hupita Timau, akaacha milima ya Nyambene mkono wa kushoto, na mara nchi inaporomoka mpaka Tharaka na Mbeere, chini kabisa, kwenye joto la mto Tana. Anayerudi kutoka huko usiku, au ndani ya wingu, lazima apande tena maelfu ya futi, na Blenheim zile hazikuwa na chombo cha kumwonyesha mlima ulio mbele yake. Alikuwa na ramani, dira na saa. Mwonyesha njia akikosea dakika tatu tu, ndege ilikuwa imekwisha kupita karibu maili kumi.

Jambo hili halikuwa la Kenya peke yake. Jeshi la mabomu la Uingereza lilipoteza watu 55,573 katika vita ile, na kati yao zaidi ya 5,000 walikufa katika mafunzo. Wala mlima haukuacha tabia yake vita vilipokwisha. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iligonga mlima karibu na kilele cha Lenana, na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Ndege hiyo ilikuwa na vyombo ambavyo vijana wa mwaka 1942 hawakuviota.

Katika mwaka 1953 sauti ya ndege za mabomu ilirudi, na safari hii wenyeji wa Meru na Embu walikuwa chini yake. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na msitu wa Mlima Kenya ukafanywa eneo lililokatazwa. Aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi. R.A.F. ilileta ndege za Harvard, ambazo kwa asili ni ndege za kufundishia marubani. Zilifungwa bunduki ya mtombo na mabomu madogo manane ya ratili zipatazo 20 kila moja, zikaruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri. Kuanzia Novemba 1953 ndege kubwa za Lincoln ziliungana nazo kutoka Eastleigh. Ndege nyingine zilibeba vipaza sauti, zikawaita waliomo msituni wajisalimishe.

Waliokuwa chini hawakuwa na ndege wala mizinga. Walikuwa na miti mirefu, mianzi, na mawingu yale yale yaliyowaua marubani wa Nanyuki. Bomu dogo likianguka juu ya mianzi hupasuka bila rubani kuona limempata nani, na tembo na nyati walijeruhiwa pia. Musa Mwariama wa Meru aliishi katika msitu huo mpaka alipotoka na watu wake mwaka 1963, wakati wa uhuru. Wengi hawakutoka. Hesabu ya serikali ya siku zile ilitaja wapiganaji 11,503 waliouawa katika Kenya nzima. Hiyo ni tarakimu tu, haina majina ndani yake.

Vijana wa Blenheim waliopatikana walizikwa, na makaburi yao yanatunzwa mpaka leo, Nakuru na Nanyuki, kila jiwe na jina, cheo na tarehe. Wale wa R.A.F. waliopotea juu ya Afrika Mashariki wasionekane tena, majina yao yamechongwa ukutani mbali sana na hapa, Alamein katika Misri, pamoja na wengine waliopotea kutoka Libya hadi Madagaska. Hapo rubani, mwonyesha njia na mtu wa bunduki hupewa ukubwa mmoja wa herufi. Kwa waliokufa chini ya miti, kutoka Irangi hadi Chogoria na kuzunguka mpaka Timau, hakuna ukuta wa namna hiyo. Mahali walipolala panajulikana, kama panajulikana, kwa masimulizi ya jamaa zao.