NIDHAMU YA BARAZA NI NGAO YA WACHACHE

(Hotuba ya mmoja wa Wajumbe wetu mbele ya mkutano wa wanachama)





Nimetakiwa nizungumze juu ya mwenendo wetu Barazani, na sababu yake naijua. Wako vijana miongoni mwetu wasemao: "Wenzetu ni wengi, na Spika ametoka kwao. Ya nini kuziheshimu kanuni walizoziandika wao? Tupige meza, tupige kelele, tuwazibe midomo kama wanavyotuziba sisi." Sikuja kuwakaripia vijana hao. Nimekuja kuwajibu.

Kelele zikitawala Barazani, atashinda nani? Atashinda mwenye vinywa vingi, na vyetu ni vichache. Mwenye wingi hahitaji hoja ili apitishe mswada. Yamtosha kuhesabu mikono. Sisi hatuna ila zamu yetu ya kusema, na zamu hiyo hailindwi na kitu ila kanuni.

Wazo hili ni la kale. Arthur Onslow, aliyekuwa Spika wa Bunge la Uingereza tangu 1728 hata 1761, alisema kuwa alipokuwa kijana aliwasikia wakongwe wa Bunge wakionya kwamba hakuna kinachoipa serikali nguvu zaidi kuliko kuziacha kanuni, kwa kuwa kanuni huwazuia wengi na kuwahifadhi wachache. Thomas Jefferson, aliyeliongoza Baraza la Seneti la Marekani tangu 1797 hata 1801, aliyaweka maonyo hayo mwanzoni mwa kitabu chake cha kanuni.

Zitazameni kanuni zenyewe. Mjumbe humwelekea Spika, hamkabili mwenzake, ili hasira ipoe njiani. Asemapo mmoja, wengine huketi. Akisimama Spika, huketi wote. Ni haramu kumsingizia mwenzio nia mbaya, lakini si haramu kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi. Swali hilo, likiulizwa kwa upole na hesabu zi mkononi, ni chungu kwa Waziri kuliko tusi. Tusi humpa Waziri pa kukimbilia: Mjumbe wetu atatolewa nje, kesho yake watu watazungumza tusi, na swali litakufa bila ya jibu.

Wala msidhani kuwa adabu ni woga. Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza alikwenda Bungeni pamoja na askari ili awakamate Wabunge watano. Alimwuliza Spika William Lenthall walipo watu hao. Spika alipiga magoti, na hali amepiga magoti akajibu kuwa mahali pale hana jicho la kuonea wala ulimi wa kusemea, ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Hakumtukana Mfalme, wala hakumpa alichokitaka.

Sasa nina neno kwa walio wengi, nao watalisoma, maana karatasi yetu hii huwafikia. Nidhamu si kamba ya kumfunga upande mmoja. Mjumbe wetu akikatizwa mara kumi, na anayemkatiza asiambiwe neno, hiyo si nidhamu. Spika anayeona kosa la kushoto asione la kulia huivunja heshima ya kiti chake mwenyewe.

Tena wachache wa ndani si lazima wawe wachache wa nje. Visiwa hivi vina ushahidi. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura, lakini ilipata viti 13 tu katika viti 31. Nyuma ya wachache wale wa barazani walisimama zaidi ya nusu ya wapiga kura. Kabla ya hapo, katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961, watu 68 waliuawa. Na Januari 1964 serikali ya walio wengi barazani ilipinduliwa. Sisemi kuwa sababu ilikuwa moja, zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba nchi yenye kumbukumbu hizo haina ruhusa ya kulidharau baraza lake. Baraza ni mahali watu wanapogombana kwa maneno ili wasigombane kwa mapanga. Anayemnyima mwenzake kusema ndani anamfundisha kuwa njia iko nje.

Basi Wajumbe wetu nawausia hivi. Tusome kanuni kuliko wanavyozisoma wao. Tuvumilie kukatizwa, kisha tuendelee pale tulipokatizwa. Ikilazimu kutoka nje kwa kupinga dhuluma, tutoke kimya, baada ya kuieleza sababu iandikwe katika taarifa ya kikao. Hoja iliyoandikwa itasomwa na wajukuu zetu. Kelele hazimwachii mtu kitu cha kusoma.

Na kwa wenzetu wa upande wa pili, wahenga wamekwisha sema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki tunayoitaka ni zamu yetu.